Adabu ya Barua za Kazi

Kila mwaka, korosho zikiisha kuuzwa, watu wa Madimba hutujia shuleni ili tuwaandikie barua. Korosho hupelekwa chamani, zikaingia ghalani, zikanadiwa, na fedha hupitia benki. Ndivyo ilivyo tangu mpango wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara mwaka 2007. Fedha zikikawia, barua haina budi.

Bibi mmoja mjane alikuja na stakabadhi yake katika pindo la kanga. Akasema, "Walimu, andikeni: nyinyi ni wezi." Tukamwuliza, "Bibi, ulimwona aliyeiba?" Akajibu, "Sikumwona, ila njaa naiona." Mjukuu wake alitaka twandike, "Naomba kwa unyenyekevu mnisaidie." Hilo nalo tulilikataa. Aombaye msaada aweza kunyimwa, na mwenye stakabadhi haombi sadaka. Basi tukaandika hivi: "Ndugu Katibu, salaam. Nilileta kilo 160 za korosho. Tarehe na nambari ya stakabadhi ni hizi. Hata leo sijalipwa. Tafadhali nijulisheni sababu, na siku ya malipo." Neno "tafadhali" lapunguza ukali, wala halipunguzi haki. Bibi akauliza mbona njaa haimo. Tulibishana, kisha tukaongeza mstari mmoja: "Nyumbani hatuna akiba." Akatia dole gumba. Baada ya majuma matatu likaja jibu: nambari ya akaunti ilikosewa tarakimu moja. Akalipwa. Kama tungaliandika "wezi", nani angalitafuta tarakimu ile?

Wazee wa pwani walikuwa na kanuni zao. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kuhifadhiwa Goa, ni katika barua za Kiswahili za kale kabisa zijulikanazo. Desturi ya pwani ilikuwa kumtaja mwenzako kwa heshima zake, kisha salamu, kisha "ama baada", ndipo haja. Watu wa ofisi waona hayo yapoteza wakati, nao huanza, "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kwetu sisi neno hili ni zito kuliko salamu kumi: mtu apewa amri kabla ya kuamkiwa!

Hata hivyo wanafunzi wa darasa la saba twawafundisha kuliandika, maana ofisi hulitazamia. Ila juu yake twawaruhusu kuweka "Salaam". Mwenzetu mmoja asema neno hilo halina mahali pake katika barua rasmi, nasi hatujapatana naye bado.