Safari ya Ziwa Kivu

Watu wa bara wana dhana moja juu yetu sisi wakazi wa pwani, nayo ni kwamba kila azaliwaye karibu na bahari hujua kuogelea kama ajuavyo kutembea. Dhana hiyo yapendeza, lakini si kweli. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, na nimevuka kivuko mara zisizohesabika. Walakini katika darasa letu la shule ya msingi waliojua kuogelea hawakuzidi vidole vya mkono mmoja, nao walikuwa watoto wa wavuvi. Sisi wengine tulikatazwa bahari.

Katazo hilo, kwa watu wa rika langu, lina tarehe. Asubuhi ya 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa njiani kwenda kisiwani, na watu 272 wakafa. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa kijana hodari wa mpira, mwenye mapafu na misuli, na nchi kavu haikuwa mbali. Lakini hakujua kuogelea, na nguvu za miguu hazimfai mtu mahali ambapo miguu haina pa kukanyaga. Tangu siku hiyo mama yangu hakutaka kuona mtoto wake akilowa kupita magoti.

Nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima, katika chuo cha ualimu cha Shanzu, upande wa Kisauni. Mwenzangu mmoja, mwana wa mvuvi, alinichukua ufukoni kila Jumamosi maji yalipojaa. Jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa kupiga mikono, bali kutulia: kulala chali, kutia masikio majini, kujaza hewa kifuani na kuyaacha maji yanibebe. Majuma matatu nilifanya hilo tu. Nasema, wasomaji wangu, kwamba hilo ndilo somo lenyewe, na mengine yote ni mapambo yake.

Yako mashindano yanayounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, moja baada ya lingine bila kupumzika, nayo huitwa traiathloni. Yaliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney. Aina yake ndefu, iitwayo Ironman, ilianza Hawaii mwaka 1978 kwa watu 15, na 12 kati yao wakamaliza. Nusu ya mwendo huo ni kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, na mbio kilomita 21.1, ukijumlisha kwa maili utapata 70.3, na hesabu hiyo ndiyo jina lake. Niliposikia kwamba mashindano ya namna hiyo yangefanyika kwa mara ya kwanza nchini Rwanda tarehe 14 Agosti 2022, katika mji wa Rubavu ulio kando ya Ziwa Kivu, nilijiandikisha.

Nilijiandaa kwa vitu nilivyokuwa navyo. Baiskeli yangu ilikuwa ya mtumba. Njia ya kutoka Likoni kwenda Ukunda ni tambarare kama mkeka, na Rwanda ni nchi ya vilima. Basi nilikuwa nikiamka alfajiri na kuigeukia ile barabara ipandayo kutoka Kombani hadi Kwale, nikaipanda na kuishuka mpaka wauza maembe wakanizoea. Bahari ilikuwa tatizo. Miezi hiyo ni ya kusi, maji huchafuka na mwani hujaa ufukoni, hata siku nyingine nilitoka majini nimevaa mwani kama kilemba.

Lililobaki ni radhi ya mama. Nilimkuta akikuna nazi, nikamwamkia, nikamweleza. Hakuinua uso kutoka kwenye mbuzi.

"Mwanangu, nchi kavu yote hii haikutoshi?"

Nikamwambia kwamba watakuwapo waokozi wenye mashua. Akaendelea kukuna.

"Na ukichoka katikati, utashika nini?"

"Sitashika kitu, mama. Nitalala chali."

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Nenda. Lakini ukitoka majini unipigie simu kabla hujapanda hiyo baiskeli." Nikamweleza kwamba sheria haziruhusu mshindani kutumia simu. Akasema kwamba waliotunga sheria hizo bila shaka hawana mama.

Tarehe 9 Agosti nilipiga kura, isipokuwa ile ya gavana ambayo kwa Mombasa iliahirishwa, na usiku huo nikapanda basi. Utingo alitazama baiskeli yangu iliyovikwa magunia akauliza kama ni mgonjwa. Nairobi, Kampala, Kigali: njia nzima abiria walitegea redio masikio, wakibishana juu ya hesabu za kura. Mkenya huvuka mipaka hiyo kwa kitambulisho cha taifa tu, jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Huko Rubavu Kiswahili hakikunitupa mkono. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Goma, mji wa Kongo ulio mpakani kabisa, husema Kiswahili chake chenye ladha nyingine.

Mahali penyewe ni pazuri mno. Ziwa limelala kati ya milima, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kaskazini umesimama Nyiragongo, mlima wa moto uliotapika Mei 2021. Lakini uzuri huo ulikuwa na hila zake. Maji ya ziwa hayana chumvi, na maji yasiyo na chumvi hayambebi mtu kama bahari; nilipolala chali siku ya majaribio niliona nazama zaidi ya nilivyozoea, moyo ukanienda mbio. Pumzi nayo ilikuwa fupi, maana hewa ya kimo hicho ni nyepesi. Nililala vile vile mpaka moyo ukakubali.

Siku ya mashindano niliogelea polepole. Nilikunywa maji ya Kivu zaidi ya nilivyokusudia, nikapigwa teke moja la shavu na mtu ambaye hakuwa na nia mbaya, na katikati ya ziwa nikageuka chali nikahesabu hadi ishirini. Mwokozi aliuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia, "Napumzika tu." Nikatoka majini sikuwa wa mwisho.

Baiskeli ilinitesa. Huko hupita mkono wa kulia wa barabara, sisi hupita kushoto, na kila kona ilinidai nifikiri upya. Vilima vya Kwale ni wajukuu wa vile vya Rwanda. Katika mbio watoto walipiga kelele "Komera!", maana yake jipe moyo, nami nikajipa mpaka nikamaliza, baada ya saa saba na kitu.

Nikapiga simu. Mama aliipokea kabla haijalia mara mbili. Hakuuliza nilikuwa wa ngapi. Aliuliza, "Ulitoka majini saa ngapi?"

Siku hizi, Jumamosi za maji mafu, huwachukua ufukoni wanafunzi kumi na wawili wenye ruhusa ya maandishi. Wasichana ni saba. Tumeanza kwa kulala chali, na wawili bado hawajaweza. Mzazi mmoja, mama aliyefiwa siku ile ya Mtongwe, alikataa kutia saini, nami sikubishana naye. Mwanawe huja nasi hata hivyo. Hukaa mchangani na daftari mapajani, akihesabu vichwa vyetu kila baada ya dakika mbili.