Basi la kijani la kushuka Uvira



Katika mkutano uliopita mvua ilitufungia ndani. Tulikuwa tumemaliza kuhesabu pesa za likelemba, na hakuna aliyeweza kutoka. Ndipo mama mmoja akauliza: "Nani anakumbuka basi la kijani?" Kelele zilizofuata zilishinda mvua. Kila mmoja alikuwa na lake la kusimulia. Tumeandika hapa yale tuliyokumbuka, kwa ajili ya binti zetu ambao hawakulipanda, na pia kwa sababu ya jambo lililotuumiza mwaka huu. Tutalifikia.

Siku zile nchi yetu iliitwa Zaire, na wengi wetu tulikuwa watoto wa kubebwa mgongoni au wa kushika kikwembe cha mama. Kutoka Bukavu mpaka Uvira ni kilometa kama 130, na sehemu kubwa ya safari ni kuteremka. Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1,460. Ziwa Tanganyika liko chini sana, halifiki mita 780. Maji ya Kivu hushuka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika, na sisi tulishuka pamoja nayo. Ndiyo sababu mama zetu hawakusema "kwenda Uvira". Walisema "kushuka Uvira", na wakirudi, "kupanda Bukavu".

Mabasi yalikuwa machache na kila moja lilikuwa na rangi yake. La kijani liliondoka alfajiri, kabla jua halijagusa ziwa. La bluu liliondoka baadaye. Hapo tulibishana: wengine wanasema lilikuwa na mstari mweupe ubavuni, wengine wanaapa ulikuwa wa manjano. Kulikuwa pia na kamiyo nyekundu ya siku za soko. Hiyo ilipakia watu juu ya magunia, na mbele, juu ya kioo, iliandikwa maneno ya kumshukuru Mungu. Tuliyajua maneno hayo kwa moyo, ingawa wengi wa mama zetu hawakuweza kuyasoma.

Hilo ndilo tunalotaka binti zetu walielewe. Mama hakuhitaji kusoma. Rangi ilikuwa alfabeti yake. Kule Nyangezi watoto walisimama kilimani, na walipoona vumbi walipiga kelele: "Kijani! Kijani!" Mama alikuwa bado anafunga kitunga cha maharagwe, lakini alijua shofere ni nani, konvwayeri ni nani, na kwamba nafasi ya nyuma karibu na mlango itakuwa yake.

Kisha ilikuja Ngomo. Anayeijua barabara ile haisahau. Upande mmoja mlima, upande mwingine shimo ambalo macho hayaoni mwisho wake. Wakati wa mvua shofere alisimamisha basi na kusema: "Wamama, tushuke." Tulishuka sote, tukatembea nyuma ya basi katika matope, viatu mkononi. Konvwayeri alikimbia kando ya gurudumu akiwa amebeba kipande kikubwa cha mti, tayari kukitupa chini ya tairi kama basi lingerudi nyuma. Wakatoliki walishika rozari, Waprotestanti waliimba, na Waislamu waliomba kimya kimya. Kwenye Ngomo hakuna aliyemwuliza mwenzake anasali wapi.

Ukifika Kamanyola, baridi ya Bukavu imekwisha. Watoto walivuliwa triko. Ng'ambo ya Ruzizi unaona Rwanda, na mbele kidogo Burundi. Nchi tatu zinakutana pale, lakini sisi watoto tuliona nyanya tu na maembe yaliyoinuliwa mpaka dirishani. Kutoka hapo barabara inanyooka katika uwanda: Luvungi na mchele wake, Bwegera, Luberizi, Sange. Karibu na Uvira tulitafuta kwa macho mashamba ya miwa ya Kiliba, maana mama alikuwa ameahidi kipande cha muwa kwa mtoto ambaye hakutapika. Mwishowe upepo wa ziwa, harufu ya ndagala waliotandazwa juani, na kelele za soko la Mulongwe.

Basi lile halikubeba watu tu. Mama wa Bukavu aliyekuwa na mtoto anayesoma Uvira alimpa konvwayeri unga na pesa ya chumvi ndani ya kitambaa, akasema: "Umpatie mtoto wangu." Hakuna karatasi, hakuna simu. Jioni mtoto alikwenda kungojea rangi, na kitambaa kilifika. Katika chama chetu yuko mama aliyemaliza shule kwa njia hiyo. Mpaka leo, akisikia ngurumo ya basi la zamani, tumbo linamwambia kwamba unga umefika.

Tusiseme kwamba zamani yote ilikuwa tamu. Mabasi yale yalijazwa kupita kiasi, yaliharibika njiani, na kuna familia ambazo Ngomo iliwaachia msiba. Lakini tulijua tumepanda nini na nani.

Mwaka 1996 vita viliingia, na barabara hii ilikuwa kati ya za kwanza kupitiwa na askari na wakimbizi. Mabasi ya rangi hatukuyaona tena. Miaka iliyofuata ilituletea bariyeri, na huzuni nyingine. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, gari la mafuta lilipinduka na kuwaka moto, na zaidi ya watu 230 walikufa. Tangu siku hiyo kuna mama wetu ambaye hapiti Sange bila kushusha kichwa.

Baadaye wengi walikwepa Ngomo. Walivuka mpaka hapa Bukavu, walipita kwenye lami ya Rwanda, kisha waliingia tena Congo kupitia Bugarama na Kamanyola. Njia ilikuwa nzuri, lakini ni ya jirani: ulionyesha karatasi ulipotoka, na ulizionyesha tena uliporudi nyumbani kwako. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya corona, tulikumbushwa kwamba barabara ya kwetu ni ile ya Ngomo, na kwamba ilikuwa bado inatungoja katika hali yake ileile.

Na magari? Ni minibasi nyeupe. Zote nyeupe. Hapo ndipo tunafika kwenye jambo letu.

Mwaka huu mwenzetu mmoja alichukua mkopo katika likelemba, akashuka Uvira kununua ndagala, magunia manne. Siku ya kurudi mtoto aliyekuwa naye alishikwa na homa. Akaona afadhali mzigo utangulie. Alipatana na shofere wa minibasi nyeupe, akalipa, akatuma ujumbe kwamba tuupokee hapa Bukavu. Tulikwenda parkingi, wamama watatu. Ilifika minibasi nyeupe. Haikuwa yenyewe. Ikafika ya pili, ikafika ya tatu. Tulingoja mpaka giza. Magunia yale hatujayaona hadi leo.

Aliporudi tulimwuliza: "Namba ya gari ni ngapi?" Alitazama chini. Akasema: "Mnajua mimi sisomi." Tuliona haya kwa kuuliza. Mama yake naye hakusoma, lakini siku zake lilikuwepo basi la kijani.

Mwenzetu hakukimbia deni. Kila juma analeta kidogo, na sisi tumekubaliana kumwongezea muda, bila nyongeza ya pesa. Lakini kumhurumia tu hakutoshi. Siku ile ya mvua, baada ya kucheka na kubishana juu ya mistari ya basi la bluu, mama yule aliyeanza maneno alisema: "Kama magari yamekataa kuwa na rangi, tupake rangi mizigo yetu."

Tumefanya hivyo. Tumenunua kopo moja la rangi ya kijani na brashi. Kila gunia la mwanachama sasa lina mkanda wa kijani katikati, upana wa kiganja, pande zote mbili. Na kabla mzigo haujapakiwa, tunafanya mambo mawili. La kwanza: mwenye mzigo anamwomba mwanafunzi au mtu anayemwamini aandike namba ya gari kwenye karatasi mbili, moja abaki nayo, nyingine tutumiwe kwa simu. La pili: hakuna mama anayeshuka Uvira peke yake. Tunakwenda wawili wawili, ili mtoto akiugua mmoja abaki naye na mwingine apande pamoja na mzigo. Tena, kila mkutano tunatumia nusu saa kujifunza kusoma tarakimu, sifuri mpaka tisa. Mwenzetu wa magunia manne anakaa mstari wa mbele.

Alhamisi iliyopita tulikwenda parkingi kungojea mzigo wa kwanza wa mkanda. Minibasi nyeupe zilifuatana kama kawaida. Tulikuwa bado tunatazama namba ya gari na karatasi yetu, tukilinganisha tarakimu moja moja, wakati mama mzee wetu, ambaye macho yake si mazuri tena, aliinua mkono kuelekea juu ya gari la nne, penye magunia, akapiga kelele kama mtoto wa Nyangezi:

"Kijani! Kijani!"

Mama ambaye hajapaka magunia yake ayalete siku ya mkutano, yakiwa makavu. Rangi iliyobaki ni nusu kopo. Na yeyote mwenye picha ya mabasi ya zamani aje nayo, ili tumalize ule ubishi wa mstari mweupe na mstari wa manjano.