Kalamu ya Mpakani: Safari ya Lokori hadi Kakuma



Wasomaji wetu watukufu, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyeturejesha salama kutoka Turkana. Tulikwenda kupeleka misahafu na vitabu vya chuoni, nasi tukitaraji kurudi na habari za jua na vumbi. Tumerudi na habari ya kalamu.

Kutoka Kitale tulipita Kapenguria, tukateremka hadi Lokichar, na hapo tukaiacha barabara kuu tukaelekea Lokori, mji mdogo ulio kando ya mto Kerio. Wakati wa kiangazi mto huo huwa mchanga mtupu, na kina mama huufukua mchanga hata wakayapata maji. Watu wa huko ni wafugaji, nao huhama kufuata malisho. Karibu na Lokori yapo mawe ya makaburi ya kale, mahali paitwapo Namoratunga, yaani "watu wa mawe". Mawe hayo yamechongwa alama, na wataalamu waliozichunguza waliona zinafanana na zile ambazo Waturkana huwatia mifugo wao hadi leo. Kabla ya daftari na muhuri, binadamu alikwishataka ijulikane yeye ni nani na mali yake ni ipi.

Mzee aliyetukaribisha alituambia, "Sheikh, ng'ombe wetu akipotea, alama yake humrudisha nyumbani. Mtu akipoteza karatasi yake, nani atamrudisha?"

Lokori ilitufunza pia kwamba serikali ina haki ya kujua ni nani aingiaye na ni nani atokaye. Wizi wa mifugo kwa bunduki umewatoa watu wengi wa huko majumbani mwao. Kwa sababu hiyo tunaona ni jambo la hekima kwamba Septemba 2019 marais wa Kenya na Uganda walikutana Moroto, yakatiwa saini mapatano ya amani na maendeleo kwa Waturkana, Wapokot na Wakaramoja, ambao mpaka umewagawa lakini malisho yanawakutanisha. Mpaka usiolindwa humdhulumu mnyonge kwanza.

Tulisali Ijumaa Lodwar, kisha tukashika njia ya Kakuma, mwendo wa takriban kilomita 120 kwa barabara ielekeayo Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Waandishi wa ng'ambo wamezoea kusema kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "mahali pasipokuwapo". Sisi tuliozaliwa na lugha hii hatulijui neno hilo. Ikiwa mji mzima waweza kuandikwa visivyo, seuze jina la mtu mmoja.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi jirani ya Kalobeyei, ina watu wapatao laki tatu. Wengi wao wametoka Sudan Kusini, Kongo, Burundi na Somalia, nchi ambazo zote sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja nasi.

Baada ya darsa ya alasiri alitujia mama mmoja wa Kongo, mwenye Kiswahili cha Kivu kilichotufurahisha masikioni. Alikuwa ameifunga bahasha katika ncha ya kanga yake. Katika karatasi moja jina la mumewe marehemu limeanza kwa R, katika nyingine kwa L. Vyeti vya shule vya binti yake vimeifuata ile ya pili. Binti alipata nafasi ya kusomea ualimu, lakini muda wa kujiandikisha ukapita majina hayajalinganishwa. "Sheikh," akatuambia, "hakuna aliyetukatalia. Tuliambiwa turudi wiki ijayo." Wiki hizo zikawa mwaka. Binti yuko nyumbani, anawafundisha watoto wa jirani kusoma.

Tusidhani haya ni ya wakimbizi peke yao. Wamakonde wa Kwale waliishi miongo mingi bila kitambulisho, hata Oktoba 2016 wakashika njia kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao. Wapemba wa Kwale na Kilifi, wavuvi tuliosimama nao safu moja msikitini, walitambuliwa rasmi 2023. Kabla ya hapo, mtu aliweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa pwani yetu bila kuwa na laini ya simu kwa jina lake mwenyewe.

Sheria zimeanza kulainika. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, imempanulia mkimbizi mlango wa kufanya kazi na kutambulika kwa hati zake. Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kambi ziwe makazi ambamo wenyeji na wageni watatumia huduma kwa pamoja. Yote ni mema. Lakini sheria njema lazima ipite mkononi mwa mtu mmoja aliyeketi mezani, mchana wa jua kali, mbele ya foleni ndefu. Akisikiliza vizuri, amelinda nchi na amelinda mtu. Akiharakisha, herufi moja yaweza kumfungia binti mlango wa shule.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni, nayo inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Ikiwa fedha imewekewa ulinzi huo, jina la mja lina haki zaidi.

Basi enyi kina mama, tokeni kwetu na wasia huu mdogo. Usiku wa leo fungueni ule mkoba wa karatasi. Lilinganisheni jina la mtoto katika cheti cha kuzaliwa, katika daftari la shule na katika kitambulisho cha baba yake. Likitofautiana, rekebisheni sasa, mtoto angali mdogo. Na mwenye mwana anayefanya kazi katika ofisi yoyote ya kuandikisha watu, amkumbushe kwamba kalamu aliyoishika ni amana.

Nasi tumuombee yule binti wa Kakuma, Mwenyezi Mungu amfungulie mlango. Amin.