Alijifunza kwa Nani?

Mabishano ya muziki katika familia zetu hayana mwamuzi. Mzee atamtaja Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965. Mdogo wake atasimama na Mbaraka Mwinshehe, aliyetutoka mwaka 1979. Vijana nao watacheka na kusema kuwa muziki umeanza na bongo fleva.

Hapa Ipuli, mjini Tabora, nimeshuhudia kikao cha harusi kikikaribia kuvunjika kwa ajili hiyo. Wajomba walisema hawatoi mchango iwapo dansi la zamani halitapigwa. Vijana wakajibu kwamba hawachezi muziki wa marehemu. Mama mzazi wa binti, ambaye ndiye aliyekuwa akihesabu fedha zisizotosha, alinyamaza kimya. Mchango ulitolewa usiku, baada ya kila upande kuahidiwa zamu yake.

Tatizo la mabishano hayo ni kwamba kila mtu humtaja ampendaye. Kupendwa ni jambo moja, na kuacha athari ni jambo jingine. Aliyeacha athari ni yule ambaye wenzake walijifunza kwake, kisha wanafunzi wao wakawafundisha wengine, hata ikafika kwa watu wasiolijua jina lake. Kwa hiyo swali la haki si “Nani bora?” bali “Alijifunza kwa nani?”

Kwa kipimo hicho, mimi namtaja Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Katanga mwaka 1930. Aliitwa pia Mwenda wa Bayeke, na jina hilo lina asili huku kwetu. Katika karne ya 19, Msiri, mfanyabiashara wa Kinyamwezi, alifuata njia ya misafara hadi Katanga, akajenga dola yake na makao yake makuu yakawa Bunkeya. Aliuawa mwaka 1891, lakini watu wake, Bayeke, walibaki huko.

Mwenda alipiga gitaa moja likasikika kama mawili: gumba likishika besi, na kidole cha shahada kikiimba juu yake. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi wimbo wa “Masanga”. Santuri zake zilienea Afrika Mashariki, na mtindo wa omutibo wa Magharibi ya Kenya, uliovuma kwa gitaa la George Mukabi, una deni kwake. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990.

Hata hivyo, hakuna aliye mwanzo wa kila kitu. Santuri za Cuba zilizouzwa Afrika tangu miaka ya 1930 ziliwafundisha rumba wanadansi wetu. Jina la Cuban Marimba lenyewe ni ushahidi. Na rumba hiyo ilikuwa na ngoma za Waafrika waliovushwa bahari utumwani. Tabora nayo ilipokea na kutoa: Kiko Kids ya Salum Zahoro katika miaka ya 1950, Tabora Jazz ya Shem Karenga iliyotupa “Dada Asha”, na Nyanyembe Jazz iliyotupa “Rangi ya Chungwa”.

Basi, wazee wenzangu, tusiwakemee vijana kwa kuchukua mtindo wa kufokafoka kutoka Marekani na kuutia Kiswahili katika miaka ya 1990. Sisi tulichukua kutoka Cuba. Nanyi vijana, msiite muziki wa marehemu kitu ambacho bado mnakila matunda yake. Maji hufuata mkondo, na mkondo huchimbwa na waliotangulia.

Kinachonitia hofu ni kwamba mkondo huu haujaandikwa wote. Katika mitaa yetu wamo wazee waliopiga besi, ngoma na tarumbeta, ambao majina yao hayakuwekwa kwenye santuri yoyote. Kila tunapomzika mmoja, jibu la swali letu linazikwa naye. Kama nyumbani kwako yuko mzee wa namna hiyo, mpe mwanao daftari na kalamu, amkalishe Jumapili hii hii na kumwuliza: “Babu, wewe ulijifunza kwa nani?”