Kitabu Kimoja Katika Kikapu: Safari yangu ya Lusangi



Wiki hii nataka niwasimulie safari. Nilitoka Kasongo asubuhi kabla jua halijawa kali, nikapanda nyuma ya pikipiki, kikapu changu kwenye mapaja. Ndani ya kikapu kulikuwa na kanga moja, karanga za kukaanga, na vitabu tisa. Mwenye pikipiki aliniuliza, «Mwalimu, vitabu hivi unaenda kuuza?» Nikamjibu, «Hapana, naenda kuvisoma pamoja na wamama.» Alicheka. Kisha akasema kwamba mama yake angependa, ila hajui kusoma.

Maneno hayo yalinikaa moyoni njia nzima. Mnaijua njia ya kwetu: mchanga, matope kwenye vijito, daraja la miti ambapo abiria anashuka na kuvuka kwa mguu. Tulikutana na wamama waliobeba muhogo na mchele wakienda sokoni. Na mimi nilikuwa nimebeba karatasi.

Lakini karatasi si kitu kidogo katika nchi hii yetu. Miaka 1870 na 1871, Mskoti David Livingstone alikaa miezi mingi Kabambare, yeye aliiandika Bambarre, akiwa na vidonda miguuni, hawezi kutembea. Huku Maniema alisoma Biblia yake nzima mara nne. Karatasi zilipomwishia, aliandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani, na wino alitengeneza kwa mbegu za mmea wa huku huku. Ndivyo alivyoandika pia habari ya soko la Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, siku watu wa wafanyabiashara wa watumwa walipofyatua bunduki sokoni, wakaua watu mamia. Wengi wao walikuwa wamama waliokuja kuuza na kununua.

Miaka mingi baadaye Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip aliyekuwa na makao yake Kasongo, naye aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Zilichapwa Berlin mwaka 1902 na 1903.

Mgeni aliandika. Mfanyabiashara aliandika. Sisi leo tunawasikia wao. Lakini mama aliyebeba kikapu chake kwenda Nyangwe asubuhi ile, nani anajua jina lake? Mimi nimetafuta katika niliyosoma, sikuliona. Na nyanya yangu mwenyewe alikuwa na hadithi nyingi za njia na za masoko. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na diploma, nikasema nitaandika likizo ijayo. Alikufa kabla ya likizo hiyo.

Basi, Lusangi. Tulikaa chini ya mwembe, wamama kama ishirini, wengine na watoto mgongoni, wengine wakimenya karanga ili saa isipite bure. Nilitoa kitabu ninachokipenda kuliko vyote: maisha ya Siti binti Saad, kilichoandikwa na Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika nyumba ya maskini. Mama yake alifinyanga vyungu, na Siti alizunguka kuviuza, akiita wanunuzi kwa sauti. Shule hakwenda. Lakini sauti ile ya kuuzia vyungu ndiyo iliyokuja kuimba taarab, na mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay, nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri.

Sikusoma mwenyewe. Nilimpa kitabu binti mmoja wa kalasi ya sita. Alianza kwa woga, kidole chini ya kila neno. Alipofika kwenye vyungu, mama mmoja mzee aliacha karanga zake. «Rudia hapo,» alisema. Binti akarudia. «Tena.» Akarudia tena.

Mama yule ni mfinyanzi. Alisema, «Kumbe kazi yangu inaingia katika kitabu?»

Kisha akaanza kutueleza: udongo anaoutafuta uko wapi, kwa nini hachimbi siku ya mvua kubwa, namna mama yake alivyompiga mkono kila alipoharakisha kukausha chungu juani. Nilitoa daftari nikaandika mbio. Nilipomaliza aliniambia, «Nisomee.» Nikasoma. «Hapana. Sikusema hivyo. Umeweka maneno ya shule.» Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeyatengeneza. Nikampa yule binti kalamu, kwani yeye anajua majina ya udongo katika lugha ya nyumbani, mimi siyajui. Aliandika polepole, akauliza pale asipoelewa, akasoma. Mama mzee akafunga macho akisikiliza. «Sasa ni mimi,» alisema.

Nimefundisha miaka kumi na zaidi. Siku ile nilijifunza kwamba asiyejua kusoma anaweza kusahihisha mwalimu.

Wakati wa kuagana, mama wa binti alinivuta pembeni. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari inalipwa, na kaka yake binti ndiye anayetangulizwa. «Mwalimu, pengine huu ndio mwaka wake wa mwisho,» aliniambia, sauti chini. Sikuwa na franka za kumpa, wala sikutaka kumpa ahadi ya uongo. Mfinyanzi alikuwa amesikia. Alisema kwa nguvu, wote wasikie: «Huyu mtoto ni kalamu yangu. Nani ataandika mengine, kama mnamtoa shuleni? Kila Jumamosi atakuja kwangu, na chungu kimoja katika kila vitano nitakavyouza ni cha shule yake.» Mama wa binti hakujibu ndiyo. Alisema, «Tutazungumza na baba yake.» Bado nangoja habari. Mniombee huyo mtoto, kila mmoja kwa dini yake.

Niliacha Lusangi vitabu vinane. Cha tisa nilirudi nacho, juu ya safari ijayo ya kijiji kingine. Safari iliyopita, niseme ukweli, kitabu kimoja kilinirudia bila kurasa za mwisho: zilifungia karanga sokoni. Sikukasirika sana. Aliyeuza karanga hakuwa amesomewa ile hadithi. Angeisikia, asingepasua mwisho wake.

Kwa hiyo, wamama wa vikundi vyetu, msingoje vitabu vingi. Kimoja kinatosha, cha hadithi ao cha dini, kile unachokipenda. Mchague msomaji, hata mtoto. Msome kidogo, kurasa mbili ao tatu, kisha mfunge kitabu na mseme: hii inakukumbusha nini katika maisha yako? Wekeni daftari moja la kikundi, mwandike yanayosemwa na jina la aliyesema, na mumsomee kabla ya kwenda nyumbani, ili aseme kama ni yeye. Daftari lilale katika nyumba isiyovuja.

Livingstone alitafuta mbegu kwa ajili ya wino. Sisi kalamu zinauzwa sokoni. Jumamosi hii, kabla ya kuosha vyungu, muulize nyanya wa jirani jina la mama yake. Uliandike.

Mwalimu wenu