Kijiji cha Courmayeur na Mlima Wetu

Kila asubuhi nitokapo kufungua zizi, huutazama Mlima Kenya kabla mawingu hayajaufunika. Shamba langu li upande wa Naro Moru, na kilele cha Batian nakijua tangu nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Walakini nalifikia umri wa mvi kabla sijajua kwamba watu wa kwanza ambao yameandikwa kuwa walisimama juu yake walikuwa watatu, na kwamba wawili katika hao hawakuwa Waingereza, bali walikuwa watu wa kijiji kimoja kidogo cha milima ya Alpi, upande wa Italia. Kijiji hicho huitwa Courmayeur. Mwisho wa Septemba 2023 nilikwenda kukiona kwa macho yangu, nami napenda kuwasimulia wasomaji niliyoyakuta huko.

Binti yangu ni muuguzi katika mji wa Torino. Ndiye aliyenilipia nauli, akaniambia, "Baba, njoo uione Ulaya kabla magoti hayajakataa." Nikamjibu kwamba Ulaya yote sina haja nayo, anipeleke Courmayeur tu, yatosha. Sababu yangu ni hii. Nyumbani kwetu husimuliwa kwamba babu yake baba yangu alikuwa mmoja wa wapagazi waliochukua mizigo ya Wazungu wa kwanza kuupanda mlima.

Habari za safari hiyo zinajulikana. Mwishoni mwa Julai 1899 Bwana Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia, aliondoka Nairobi, ambayo wakati ule ilikuwa kambi ya reli tu. Msafara wake ulikuwa wa watu 170: Wazungu 6, Waswahili wa pwani 66, Wakikuyu 96, na Wamasai wawili wa kuonyesha njia. Katika Wazungu sita hao wawili walikuwa viongozi wa milima kutoka Courmayeur, César Ollier na Joseph Brocherel. Chakula kiliwapungukia vibaya, na Waswahili wawili waliuawa walipokwenda kutafuta posho. Mwishowe, tarehe 13 Septemba, yapata saa sita mchana, Mackinder, Ollier na Brocherel wakafika juu ya Batian. Sehemu ya mwisho ilikuwa barafu ngumu mno, hata wakaiita Almasi. Viongozi wale wakaikata ngazi kwa shoka, hatua baada ya hatua, muda wa saa tatu. Mtu wa pili kufika pale hakupatikana mpaka mwaka wa 1929. Basi mkulima ye yote anayejua kazi ya mikono atafahamu mimi namhesabu nani kuwa ndiye aliyeupanda mlima siku ile.

Tulisafiri kwa basi kutoka Torino, tukafuata bonde la mto Dora Baltea. Njiani kuna mji wa Aosta, uliojengwa na Warumi mwaka wa 25 kabla ya Kristo, baada ya kuwashinda wenyeji walioitwa Salassi na kuwauza maelfu yao utumwani. Kuta zao zingali zimesimama. Kutoka hapo bonde huzidi kuwa jembamba, milima inasogea pande zote mbili, hata ghafula mbele yako unaona ukuta mweupe umeziba mbingu. Huo ndio Mont Blanc, maana yake Mlima Mweupe, wenye urefu wa mita 4,800 na kitu. Courmayeur kimekaa miguuni pake.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba nilishuka, sikupanda. Kijiji hicho ki mita 1,224 tu juu ya bahari, na shamba langu lakizidi kwa mita 700 hivi. Mimi napanda viazi mahali palipo juu kuliko kanisa lao, nao huzikwa na theluji kila mwaka! Ndivyo ilivyo kukaa mbali na ikweta.

Wenyeji wake hawapati 3,000. Nyumba za zamani ni za mawe na mbao, na mapaa yake yameezekwa kwa vipande vipana vya mawe. Mnara wa kanisa ni wa karne ya 14. Watu husema Kitaliano na Kifaransa, na wazee wana lugha yao ya bonde ambayo si moja wala nyingine. Zamani wageni walikuja kuoga na kunywa maji ya chemchemi zenye madini. Siku hizi huja kuteleza juu ya theluji wakati wa baridi. Tangu 1965 kuna barabara iliyotobolewa chini ya mlima hadi Ufaransa, kilomita 11 na nusu, ambamo watu 39 waliteketea kwa moto mwaka wa 1999. Na tangu 2015 kuna vyumba vya kioo vinavyovutwa kwa kamba za chuma mpaka mita 3,466, vikizunguka polepole kadiri vinavyopanda, ili kila abiria aone pande zote. Binti yangu alifurahi sana. Mimi nilishika chuma kwa mikono miwili.

Lakini kilichonipendeza kupita vyote ni ng'ombe. Wakati wa kiangazi hupelekwa malisho ya juu, na karibu na tarehe 29 Septemba, siku ya Mtakatifu Mikaeli, hurudishwa chini, wamevikwa kengele kubwa na maua. Tulilikuta kundi moja njiani, na magari yote yakasimama kulipisha pasipo mtu kupiga honi. Ni wafupi, wenye mabaka mekundu au meusi na miguu minene. Maziwa yao hutengenezwa jibini iitwayo fontina. Sharti maziwa yawe ya mkamo mmoja, hayachanganywi ya asubuhi na ya jioni, kisha jibini hulazwa ghalani si chini ya siku 80. Tena wana mchezo ambao ningependa sana kuuona kwetu. Majike wenye mimba hushindanishwa kwa kusukumana vichwa, kila mmoja na wa uzito wake. Anayechoka hugeuka akaenda zake, wala hamna ugomvi zaidi. Mashindano ya mwisho hufanywa Aosta mwezi wa Oktoba, na mshindi huitwa malkia. Mwenye malkia hutembea bondeni kama mzee aliyemwoza binti kwa mahari nene.

Sasa nirudi kwa viongozi. Watu wa hapa walikuwa wakulima, wawindaji na mafundi, na wageni walipoanza kutaka kupanda mlima, ni wao waliokuwa wakizijua njia. Mwaka wa 1850 wakaunda chama chao, cha pili kwa umri duniani baada ya kile cha Chamonix, upande wa pili wa mlima. Émile Rey, aliyesifiwa kuliko wote, alikuwa seremala. Alikufa mlimani mwaka wa 1895. Ollier na Brocherel walirudi tena Afrika mwaka wa 1906 pamoja na mkuu mmoja wa Italia, Mtawala wa Abruzzi, wakavipanda vilele vya Ruwenzori.

Katika nyumba ya viongozi mna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka wa 1929. Nikaingia, nikaangalia shoka, kamba za katani, viatu vya misumari na picha za safari za nchi za mbali. Nikatafuta uso mweusi wenye mfano wa baba yangu. Sikumwona.

Msomaji asidhani nalikasirika na kijiji. Kwetu mlimani iko mito miwili ya barafu iitwayo César na Joseph, kwa heshima ya watu wawili hao. Mackinder mwenyewe ana bonde, na rafiki yake Hausburg ana bonde, kwa majina ya koo zao. Bali viongozi waliokata ngazi walipewa majina ya ubatizo tu, kama mtu amwitavyo mpishi wake. Na wale 164 waliochukua mizigo hawakupata hata jiwe. Hata hiyo barafu ya César na Joseph imenywea mno tangu nilipokuwa mtoto. Kule Courmayeur pia barafu inawahangaisha: mwaka wa 2020 watu 75 hivi walihamishwa kutoka bonde la Ferret, kwa hofu kwamba mto wa barafu wa Planpincieux ungewaporomokea.

Mama aliyekaa mlangoni aliona ninazunguka mara ya tatu, akamwuliza binti yangu ninatafuta nini. Akaelezwa. Akauliza, "Huyo mzee aliitwa nani?" Hapo nilipata jibu upesi, kwa kuwa kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, naye baba yangu alikuwa kifungua mimba, jina la yule mpagazi ndilo nililoitikia shuleni miaka yote kama jina la ukoo. Yule mama akanisogezea kitabu cha wageni na kalamu. Nikaandika jina lake kwa herufi kubwa, na chini yake nikaandika: mpagazi, Mlima Kenya, 1899.

Akageuza kitabu, akajaribu kulisoma. Mara ya kwanza alilikosa, na mara ya pili. Mara ya tatu akalitamka sawasawa. Kisha akaomba radhi kwamba ni saa ya chakula cha mchana naye hana budi kufunga, nasi tukatoka kwenda kungojea basi.