Uchungu wa Askofu Kivengere

Mpwa wangu,

Mama yako amenieleza ulivyopunguzwa kazini, na kwamba tangu siku hiyo huna mazungumzo mengine ila bosi wako. Sitakwambia uvumilie, hilo umekwisha kuambiwa na ukoo mzima. Nakuletea habari za Festo Kivengere, ambaye sisi wa Dodoma tunamhesabu kuwa wetu ingawa alizaliwa Kigezi, Uganda, kwa kuwa miaka ya 1940 na 1950 alikuwa mwalimu hapa. Kiswahili alikimudu barabara. Mhubiri Mmarekani Billy Graham alipohubiri Tanganyika mwaka 1960, mkalimani wake alikuwa Kivengere.

Alikuwa mtu wa uamsho, mmoja wa wale Balokole ambao moto wao uliwaka Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930, ukafika mpaka kwetu. Walikuwa na desturi moja ngumu: aliyeokoka humfuata aliyemkosea, hata yule aliyemchukia kimoyomoyo, akamwomba radhi ana kwa ana. Festo alipookoka alipanda baiskeli kiasi cha maili 50 kwenda kutubu mbele ya Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Kwa vilima vya Kigezi, hiyo ni toba yenye jasho.

Tarehe 10 Februari 1973, Kivengere akiwa askofu, wananchi wa Kabale, Kigezi, waliamriwa kwenda uwanjani kushuhudia watu watatu wakipigwa risasi na askari wa Idi Amin, mtawala wa Uganda. Kivengere aliomba ruhusa ya kusema na hao watatu. Aliwaendea kwa nyuma huku akijiuliza, mtu aliyebakiwa na dakika chache unamwambia nini? Kwa masimulizi yake, walipogeuka aliwakuta wana nyuso zenye furaha, na wao ndio waliomtia moyo. Wakaugeukia umati na kuupungia mikono, pingu zikiwa mkononi, na watu nao wakawapungia. Kisha risasi zikalia.

Hapo ndipo ninapotaka utulie kidogo. Imani haikuwafungua minyororo wala haikuzuia bunduki. Ila kwa kawaida mtu mwenye msiba huona kidonda chake tu, na hawa watatu bado waliwaona wengine wamesimama kule, wakapata nafasi ya kuwaaga.

Kivengere mwenyewe ilimwia vigumu zaidi. Februari 1977 maaskofu wa Uganda walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na unyanyasaji wa raia. Tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kuwa ni ajali ya gari, na waliosadiki walikuwa wachache. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu, usiku, wakaingia Rwanda.

Alifika ughaibuni na uchungu moyoni. Kila alipomtaja Amin ulizidi, na haki ya kuwa nao alikuwa nayo, nani angembishia? Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa kanisani London, akifikiri jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha. Akaona kwamba msamaha ule haukumtenga Amin, na kwamba yeye askofu naye anauhitaji, kwa ajili ya ile chuki. Mwaka huohuo alitoa kitabu alichokiita I Love Idi Amin, jina lililowachefua wengi. Nadhani waliochukizwa hawakutazama mwenendo wake: hakuacha kusema hadharani juu ya mauaji, na aliwahangaikia wakimbizi wa Uganda wapate masomo. Amin alipoangushwa Aprili 1979, alirudi Kigezi kuendelea na kazi yake, na aliifanya mpaka alipofariki mwaka 1988.

Kwa hiyo kama bosi wako alikudhulumu, peleka shauri lako CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, bila kuchelewa, maana muda wa kufungua malalamiko ya kuachishwa kazi ni siku 30 tu. Kusamehe hakukatazi kudai. Lakini na kanisani rudi. Kuna vijana wawili wa ushirika wenu waliopunguzwa siku moja na wewe, mama yako anasema hujawauliza hata hali. Waendee wiki hii, na hizo fomu mjaze pamoja.

Mimi mjomba wako,
Dodoma